Kizimba cha Nne na cha Tisa

Mimi sikatai kukosea. Nani hakosei? Miaka thelathini na moja nimefanya kazi katika maabara ya saratani hapa mjini Aarhus. Nimevunja chupa, nimeacha friza wazi, na mwaka mmoja nilimwaga sinkini seli za mwezi mzima nikidhani ni maji machafu. Yote hayo niliyasema kwa kinywa changu. Ninachokataa ni kutwishwa kosa kwa sababu linamfaa mtu mwingine, na hapo ndipo mimi na Asger tulipogombana.

Naitwa Jytte. Si daktari wala si profesa, ni fundi wa maabara: nalisha panya, napasua panya, nakata mapafu yao vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, kisha nakaa kwenye hadubini kuhesabu madoa ya saratani. Asger ndiye profesa na mkuu wetu. Kwetu hata mfagizi humwita Asger, kavu kavu, lakini mtu asidanganyike. Bosi ni bosi hata ukimwita kwa jina alilobatizwa.

Mtafiti aliyeleta balaa lote hili ni Solvej. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mkataba wake unaisha mwisho wa Desemba, na sahihi ya kuuongeza ilikuwa ya Asger. Alikula mkate wake mweusi akiwa amesimama, makombo yote kwenye daftari, nami nilimgombeza kila siku kama mama mkwe. Nilimpenda. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali lile ambalo wenzake wote walikuwa wamelikalia.

Safari hii swali lilikuwa hili. Saratani ya titi ikibaki pale ilipoota, daktari ataikata na mama atarudi kwake. Inayoua ni ile iliyohama ikaenda kujenga kwenye mapafu au kwenye mifupa. Ili ihame, lazima ikate wavu wa nyuzi unaozizunguka seli, na inaukata kwa kimeng'enya ambacho pale maabara tulikiita Mkasi. Asger aliuona Mkasi kwenye uvimbe wa titi akiwa bado kijana, mwaka ule ule mama yake alipokufa kwa ugonjwa huo huo, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine duniani. Unyang'anye uvimbe mkasi wake, alisema, nao utabaki kifungoni. Akatengeneza dawa. Kampuni ikaichukua. Jumatatu ya kwanza ya Desemba, wanawake arobaini na wawili waliokwisha kukatwa uvimbe walikuwa waanze kuimeza hospitalini.

Solvej akauliza: na kama mbegu za saratani zimeshatoka kabla ya upasuaji, je? Mwizi ameshaingia ndani, ukimnyang'anya mkasi aliokatia uzio umezuia nini?

Basi tukapandikiza uvimbe kwa panya arobaini na nane, ukakua, tukaukata kama wanavyokatwa wanawake, ndipo tukaanza kuwalisha dawa. Vizimba kumi na viwili, kila kimoja panya wanne. Wenye kadi nyekundu walikula chakula chenye dawa, wenye kadi nyeupe walikula chakula kitupu. Baada ya wiki tisa nilihesabu mapafu yote bila kujua ya nani ni ya nani, maana Solvej alikuwa ameziba namba kwa utepe. Tulipobandua utepe, wale wa kadi nyeupe walikuwa na wastani wa madoa kumi na matatu. Waliokula dawa, thelathini na moja.

Solvej akakaa kitako juu ya gunia la chakula cha panya.

"Jytte," akasema, "inaulisha. Dawa inaulisha ugonjwa."

Hakuishia kushangaa. Aliichunguza mishipa ya damu kwenye yale mapafu hadi akaelewa. Kumbe ndani ya mapafu Mkasi una kazi ya pili, na kazi hiyo ni yetu, si ya saratani: mwili unautumia kukata, kutoka kwenye protini kubwa, kipande kinachozuia mishipa mipya ya damu isiote. Bila mishipa, doa halipati chakula, linadumaa. Uondoe Mkasi, mishipa inaota, doa linashiba. Dawa ya Asger huenda ingemfaa mtu ambaye saratani yake haijatoka. Kwa yule ambaye imeshatoka, ilikuwa ni kumfungulia adui ghala.

Tulimpelekea Asger matokeo Jumatatu asubuhi. Aliyasoma yote, miguu juu ya droo kama kawaida yake. Halafu akaishusha miguu.

"Mmegeuza," akasema.

"Tumegeuza nini?" Solvej akauliza.

"Nyekundu na nyeupe. Tazama kizimba cha nne. Kadi nyekundu, yaani wamekula dawa, wastani madoa manane. Tazama cha tisa. Kadi nyeupe, hawajala kitu, madoa thelathini na sita. Hivi viwili vinapingana na wenzao wote. Mtu aliyechanganya viwili anashindwaje kuchanganya vyote?" Akanigeukia. "Jytte, siku ya kuosha vichanja, kabla hamjaanza kulisha, nani aliondoa vizimba na kuvirudisha?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kadi zinachomolewa, vizimba vinashushwa, vichanja vinaoshwa, kila kitu kinarudi mahali pake. Nimefanya hivyo tangu wewe una nywele."

Hakucheka. Alinitazama usoni, akasema kwa ule upole wa kutia kichefuchefu, "Na miwani hii ni ile ile ya zamani?"

Kwa kweli nilitaka kumrushia kikombe.

Hapa lazima niseme habari ya keki. Kila Ijumaa saa nne asubuhi tunakula keki, na anayeileta ni yule aliyevurunda wiki hiyo. Anasimama, anaeleza alivyovurunda mwanzo mpaka mwisho, hakuna ruhusa ya kumkatiza, watu wanacheka mpaka machozi, wanakula. Keki ikishaliwa, kosa limezikwa. Atakayelifukua ataonekana hana adabu. Ni desturi nzuri, imeokoa urafiki mwingi mle ndani. Sasa Asger alitaka kuzika panya arobaini na nane chini ya keki yangu.

"Ijumaa lete keki, mambo yaishe," akaniambia. "Unastaafu Juni. Nani atakukumbuka kwa kadi mbili tatu?"

"Keki ya kosa gani? Una ushahidi?"

"Ushahidi ni matokeo yenyewe. Hayawezekani."

"Ebo! Kwa hiyo yasipokupendeza yamekosewa? Mbona yalipokuwa yanakupendeza hukuniuliza miwani?"

"Jytte," akasema, "hakuna anayekulaumu." Ndivyo wanavyosema wakishamaliza kukulaumu.

Nisifiche, nilitikisika. Niliporudi nyumbani nilikaa mezani nikaifuata siku ile ya kuosha hatua kwa hatua, kizimba kwa kizimba, na sikuweza kuapa. Nina miaka sitini na mitatu. Kuna siku naweka maziwa kwenye kabati la viatu. Vyote kumi na viwili nisingeweza kuvigeuza, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lakini viwili? Potelea mbali, nilijiambia, siwezi kukiri ninachokihisi tu. Atakayenithibitishia, nitamsikiliza.

Alhamisi jioni mvua ilikuwa inanyesha, nami nafungua kufuli la baiskeli kwenye kibanda cha nyuma, Solvej akaja bila kofia, nywele zimelowa.

"Jytte, lete keki tu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Asger amesema tukikubali kwamba ni kosa la kiufundi, ataniongezea miaka miwili nirudie jaribio vizuri, kwa utulivu. Mwakani nitathibitisha na kila mtu atajua."

"Mwakani."

"Ndiyo."

"Na wale wanawake wanaanza lini?"

Akaanza kuifuta siti ya baiskeli yake kwa mkono wa koti, wakati mvua inaingia palepale.

"Solvej, nakuuliza wewe, siiulizi baiskeli."

"Wiki ijayo ikiisha. Jumatatu."

"Basi mwakani utawathibitishia makaburini."

"Usiniambie hivyo!" Alipaza sauti mpaka mtu aliyekuwa anapita akageuka. "Nina mtoto wa miaka mitano, Jytte. Nina nyumba ya kupanga. Wewe unastaafu Juni, ni rahisi kwako kuwa shujaa."

Liliniuma, na liliniuma zaidi kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Lakini mimi mtu akinichoma sinyamazi.

"Rahisi? Jina litakaloliwa kwenye hiyo keki ni la nani, lako? Miaka thelathini na moja sijaacha kitu ila jina, binti. Sina karatasi iliyochapishwa, sina cheo. Watu wanasema tu, akihesabu Jytte, imehesabiwa. Sasa unataka nilikate vipande niligawe na kahawa ili wewe upate utulivu?"

Alilia. Sikumbembeleza. Niliendesha baiskeli hadi nyumbani nimelowa chapa chapa, na hasira ikanifaa kama koti.

Ijumaa saa nne nilikwenda kwenye chumba cha kahawa mikono mitupu. Watu kumi na saba walikuwa wameshapanga sahani. Hakuna kitu kibaya kama sahani tupu zinazokutazama.

"Jytte?" Asger akauliza kwa furaha. "Keki?"

"Sina."

"Umesahau?"

"Sijasahau. Sijaoka, na sitaoka. Thubutu! Kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima siokei mtu keki."

Kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Asger akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayewaomba wengine wamsaidie kucheka.

"Jamani, sisi sote macho yanazeeka. Si aibu."

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo, Asger," nikamwambia. Nikamimina kahawa yangu, nyeusi, nikainywa palepale nimesimama mpaka ikaisha. Ulimi uliungua, lakini nilimaliza.

Hata hivyo alifanya alilotaka. Mchana huo alituma waraka: jaribio la Solvej limebatilika kwa kosa la kiufundi katika utunzaji wa wanyama, halitaingizwa kwenye jalada linalokwenda hospitali. Kosa la kiufundi ndimi.

Nilikuwa kwenye chumba cha friza nikipanga chupa kwa kishindo, Solvej akaingia na waraka mkononi. Uso wake ulikuwa umevimba lakini mdomo umekaza.

"Hakuniuliza hata mimi," akasema. "Ameweka jina langu chini ya waraka wake. 'Solvej anakubaliana.' Nimekubali lini mimi?"

"Jana, kibandani."

"Jana nilikuwa naogopa. Leo nimekasirika." Akafungua mlango wa friza kubwa, ile ya nyuzi themanini chini ya sifuri, moshi wa baridi ukamfunika magoti. "Damu, Jytte. Siku tulipowapasua tulikinga damu ya kila panya. Aliyekula dawa, dawa ipo kwenye damu yake. Kadi inaweza kudanganya, damu haidanganyi."

Nilimtazama nikajiona mjinga. Wiki nzima nagombana juu ya macho yangu, na jibu limelala kwenye barafu hatua tatu kutoka nilipokaa.

"Unajua inaweza kuonyesha kwamba Asger ni mkweli?" nikamwuliza.

"Najua. Unaogopa?"

"Ninaogopa sana. Itoe."

Mashine ya kupima ilikuwa ghorofa ya chini, kwa wanakemia, na mwenye mashine ni Villads, mwanaume wa miaka arobaini anayeitunza kama ng'ombe wa mahari. Jumatatu nilimshukia na sanduku la barafu.

"Foleni wiki tano," akasema bila kugeuka. "Na nataka sahihi ya mkuu wa kitengo chenu."

"Mkuu wa kitengo chetu hana habari."

Hapo akageuka. "Jytte, usiniingize kwenye ugomvi wenu. Habari ya keki imefika mpaka huku chini."

"Villads, ulipokuja hapa mwanafunzi, pipeti ulikuwa unaishika kama kijiko cha supu. Nani alikushika mkono?"

"Wewe. Tena ulinipiga vidole."

"Na ulipomwaga asidi kwenye meza ya mwalimu wako, nani alikwambia uinuke ukaseme kabla hajaigundua?"

Akakuna shingo. "Hiyo ilikuwa keki ya tufaha," akasema. "Nilioka mwenyewe, ikaungua chini."

"Tuliila. Sasa sikiliza. Jumatatu ijayo wanawake arobaini na wawili watapewa kitu kinachoweza kuwaua haraka kuliko ugonjwa wao. Huenda nimekosea mimi, na kama nimekosea nataka kujua kutoka kwenye mashine yako, si kutoka kwa mtu mwenye haja na kosa langu. Ukininyima, niambie usoni na useme sababu, nami nitaiandika."

Alilifungua sanduku akachungulia. Kisha akasema kwamba Jumatano asubuhi mashine huwa inajaribiwa kwa sampuli zisizo na mwenyewe, na kwamba yeye hana desturi ya kuuliza damu isiyo na mwenyewe imetoka wapi.

Alhamisi Villads alileta karatasi za majibu mwenyewe. Solvej alizitandaza kwenye meza yangu, tukaanza kusoma kizimba baada ya kizimba. Cha kwanza, kadi nyekundu, dawa ipo. Cha pili, ipo. Cha tatu, ipo. Cha nne, kadi nyekundu kwenye daftari, dawa haipo. Hakuna panya hata mmoja kati ya wanne aliyekuwa nayo. Vya katikati vyote vilikuwa sawa. Cha tisa, kadi nyeupe, dawa ipo tele. Vilivyobaki, sawa.

Kwa hiyo nilikosea. Siku ile ya kuosha nilichomeka kadi ya cha nne kwenye cha tisa na ya cha tisa kwenye cha nne, na wiki tisa nikawalisha kwa kufuata kadi, huku matokeo tukiyasoma kwa kufuata daftari. Viwili kati ya kumi na viwili. Niliketi. Sikujali Asger wakati ule. Niliwaza wale panya wanane, na mikono yangu, na sauti yangu pale kibandani nikisema akihesabu Jytte, imehesabiwa. Niliona aibu, nasema kweli.

"Jytte," Solvej akasema. "Acha kujitazama mikono. Njoo utazame hapa."

Alikuwa amevirudisha vizimba viwili mahali pao na kukokotoa upya. Waliokula dawa kweli: thelathini na sita. Waliokula chakula kitupu kweli: manane.

Ilinichukua muda kuelewa. Kosa langu halikuyazua matokeo. Kosa langu lilikuwa linayaficha. Lilikuwa limeipunguzia dawa ubaya wake, na bado ubaya ulionekana.

"Nimempigia daktari wa hospitali mara mbili," Solvej akasema. "Katibu wake anasema mambo yote ya utafiti yapitie kwa Asger. Kesho anakuja hapa kutia sahihi ya mwisho ili wanawake waanze kupewa dawa. Asger hajaniweka kwenye orodha ya wazungumzaji."

"Wala mimi."

"Wala wewe. Nikiinuka atanikalisha, atasema jaribio limeshabatilishwa."

"Kesho ni Ijumaa," nikasema.

Alinitazama, akaanza kutabasamu polepole. "Unajua kwamba ukisema umekosea, atalishika hilo peke yake? Atasema, si mmesikia?"

"Acha alishike. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimekosea, nitasema nimekosea, na sitaishia hapo. Na wewe, mkataba wako?"

"Mkataba," akasema, akaikunja karatasi vizuri mara nne, "nimeshaulilia. Machozi yameisha."

Nilioka keki ya nazi, ile yenye nazi na sukari ya kahawia inayoganda juu, sinia zima. Asubuhi niliingia nayo chumba cha mkutano, si chumba cha kahawa. Daktari wa hospitali, Ragnhild, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, alikuwa ameshakaa na kalamu yake mezani. Ndiye angewapa wanawake wale kidonge cha kwanza kwa mkono wake. Asger aliponiona na sinia, uso ulimng'aa.

"Ah! Ragnhild, umebahatika. Leo utaona desturi yetu. Jytte ana neno la kusema, halafu tunakula, halafu tunatia sahihi."

"Na huwa hakatizwi," nikasema.

"Huwa hakatizwi," Asger akakubali akicheka, mbele ya watu wote.

Nikaweka sinia mezani.

"Mimi ni Jytte, fundi wa maabara," nikamwambia Ragnhild, kwa sababu yeye ndiye niliyemfuata. "Nimekosea. Nilibadilisha kadi za vizimba viwili, cha nne na cha tisa, katika jaribio ambalo hujaonyeshwa."

Asger aliacha kucheka. "Jytte, hilo jaribio..."

"Hakatizwi," akasema Villads kutoka mlangoni. Sijui alikuwa amepanda ghorofani saa ngapi.

"Katika jaribio hilo," nikaendelea, "panya waliondolewa uvimbe, kisha wakapewa dawa hii hii, kama utakavyowapa wagonjwa wako Jumatatu. Asger alisema nimegeuza vizimba vyote, kwa hiyo jaribio ni batili. Tumepima damu ya panya wote arobaini na nane. Nilikosea viwili. Kumi viko sawa. Pamoja na kosa langu, waliokula dawa walikuwa na madoa ya saratani mapafuni zaidi ya mara mbili. Ukilirekebisha kosa langu, ni zaidi ya mara nne. Kosa langu lilikuwa linaitetea dawa, mama. Bila mimi ingeonekana mbaya zaidi. Naomba radhi kwa panya wanane na kwa wiki mbili mlizopoteza. Sababu yenyewe ya kitaalamu ataieleza Solvej, kwa maana ndiye aliyeigundua, na kwa maana mimi sijamaliza mpaka yeye amalize."

Solvej alikuwa ameshasimama. Alimwekea Ragnhild karatasi mbele yake, akaeleza Mkasi na ile kazi yake ya pili, kipande kile cha protini, mishipa inayoota. Asger alisema mara tatu, "Haya hayajathibitishwa." Mara ya tatu Ragnhild akainua mkono bila kumtazama.

"Kizimba cha nne," akamwuliza Solvej. "Panya wote wanne hawakuwa na dawa?"

"Wote wanne."

"Na madoa?"

"Wastani manane."

"Asger, hili ulikuwa nalo tangu lini?"

"Ragnhild, ni jaribio moja. Panya si wanawake."

"Tangu lini?"

Asger akalifunga jalada. "Jumatatu ya wiki iliyopita," akasema.

Ragnhild akafunga kalamu yake, akatoa simu, akaenda kusimama dirishani. Tulimsikia sote. "Ni mimi. Zuieni ile dawa. Hapana, si kwa baadhi yao, kwa wote. Wapigieni leo hii, mmoja mmoja, na kama kuna anayetaka kuongea na mimi mpeni namba yangu ya nyumbani." Akasikiliza. "Najua walikuwa wanaitumainia. Wapigieni."

Watu wakaanza kutoka chumbani mmoja mmoja, bila kelele. Tukabaki mimi na Asger. Alikuwa amekaa, mikono juu ya jalada, amezeeka ghafla kama mtu aliyetoka kuugua.

"Unajua umefanya nini?" akaniuliza. "Maisha yangu yote, Jytte. Nilimwahidi mama yangu."

"Najua."

"Ungeweza kuja kwangu kwanza."

"Tulikuja kwako kwanza, Asger."

Akaweka kiganja usoni. Nilimhurumia, tena sana. Miaka ishirini na miwili tulifanya kazi pamoja, na nilikuwepo kwenye harusi yake. Niliegemea kiti chake nikamshika bega. Radhi sikumwomba.

Solvej hakuongezewa mkataba. Jumatatu alifika kazini kama kawaida, akavua koti, akaanza kuandika namba za jaribio jipya, maana mwezi mmoja ulikuwa bado wake. Nilipotazama saa ilikuwa saa mbili kamili, saa ambayo wanawake wale arobaini na wawili walikuwa wamepangiwa kukaa foleni ya kidonge cha kwanza, na hakuna hata mmoja aliyemeza.